Kwa Nini Hufai

Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu niliamka saa kumi na moja, nikaoga, nikavaa suruali ya kijivu, shati jeupe na tai, nikaenda shuleni. Sikuwa nimesahau kwamba nimestaafu. Nilijua vizuri sana. Nilikuwa na vitabu viwili katika kabati la idara ya Kiswahili, na nilikuwa nimejidanganya kwamba ni lazima nivichukue asubuhi hiyo hiyo, kabla ya kengele, walimu wote wakiwepo. Bawabu, ambaye kwa miaka saba alinifungulia lango kabla sijalifikia, alinipenyezea daftari la wageni. Jina. Nambari ya kitambulisho. Unakotoka. Sababu ya kuja.

"Wewe unanijua," nikamwambia.

"Nakujua, Mwalimu. Lakini mkuu amesema kila mtu ambaye si wa hapa aandike."

Niliandika jina na nambari. Penye unakotoka niliandika "humu humu", kwa herufi kubwa, nikibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Penye sababu ya kuja kalamu ilisimama. Nyuma yangu palikuwa na mwanamume mwenye gunia la viazi vya jikoni, naye alikuwa na sababu. Nikamrudishia bawabu daftari lake, nikageuka, nikarudi nyumbani, mtaa wa Galbet. Vitabu viko huko hadi leo, na natumaini mchwa wameshiba.

Asante ya punda ni mateke, na mimi nililijua hilo tangu siku ya kuniaga. Walinipa saa ya ukutani. Mtu amepelekwa mbio na kengele miaka thelathini na moja, siku anayoachiliwa unampa saa aitazame! Mkuu mpya, kijana ambaye insha zake ningezitia kalamu nyekundu kuanzia kichwa, alisema mimi ni "nguzo ya shule". Siku nne baadaye simu ikaniarifu kwamba nimeondolewa katika kikundi cha WhatsApp cha walimu. Hawakungoja hata mwezi uishe.

Sasa niseme nilikuwa nani, kwa maana hiyo ndiyo habari yenyewe. Mimi ni mtu wa Mwingi. Nilipelekwa kaskazini mashariki nikiwa kijana, Habaswein kwanza, kisha Ijara, kisha Garissa mjini, nikifundisha Kiswahili. Nikisema ukweli nilifundisha herufi tatu tu: p, v na z. Kisomali hakina sauti hizo. Mtoto akiona "pepa" anasema "beba", vita vinakuwa fita, na maziwa yanakuwa masiwa. Kila darasa nililoingia niliandika ubaoni pata na bata, vaa na faa, zima na sima, nao wakaimba pamoja mpaka mate yakawakauka. Aliyekosea alipata kiboko. Kiboko kilipopigwa marufuku, nilikuwa na rula ya ubao. Hata mimi, kwa ulimi wangu wa Kikamba, chuoni walinicheka kwa kusema "ndawa" na "mbasi" badala ya dawa na basi, lakini hilo sikuwahi kumwambia mwanafunzi yeyote. Nyani haoni kundule.

Mji mzima uliniita Mwalimu. Dukani, hospitalini, kwenye kizuizi cha polisi, Mwalimu. Mke wangu, aliyebaki Mwingi na shamba na watoto, alinipigia simu akaniita Mwalimu. Jina nililopewa na mama yangu lilikuwa katika kitambulisho na katika hati ya mshahara, na sikumbuki mtu aliyelitamka kwa mdomo. Sikuona upungufu wowote. Nilidhani hiyo ndiyo heshima.

Basi miezi ile ya kwanza niliendelea kuvaa suruali na tai kila siku, na kwa sababu sikuwa na darasa, nikaugeuza mji kuwa darasa. Nilitembea na chaki mfukoni. Kibanda cha kuchaji simu kilichoandikwa "JAJI SIMU HABA" nilikisahihisha. Kinyozi nikamsahihisha. Mama mmoja karibu na soko, muuza maziwa ya ngamia, alikuwa na kibao kilichosema "MASIWA FRESHI". Nikachutama, nikaanza kuifuta S.

"Warya! Wewe nafanya nini?"

"Nasahihisha. Ni maziwa. Z."

"Wewe nataka kunywa?"

"Hapana."

"Basi toa mkono. Masiwa hii nakunywa mtu, hapana kunywa herufi." Wanawake waliokuwa wamekaa na madumu yao wakacheka, mmoja akanirushia kitambaa cha kupangusia vikombe. Nilisimama nikawaambia kwamba ndiyo maana watoto wao wanaanguka mitihani. Nilisema hivyo kwa sauti, mchana, nimefunga tai. Sikuona aibu siku hiyo. Niliona nimeshinda.

Nyumba niliyopanga ilikuwa ya mzee mmoja, mfanyabiashara wa mbuzi aliyeacha kwenda soko la mifugo kwa sababu ya magoti. Yeye mwenyewe aliishi ua wa pili na binti yake, ambaye ni muuguzi. Kati yetu palikuwa na ukuta wa matofali unaofika kifuani. Kwa miaka kumi na miwili ukuta huo ulitutosha: salamu asubuhi, habari ya maji, habari ya mvua ambayo haikunyesha. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia, na mimi nilijizuia kumsahihisha kwa sababu nyumba ni yake.

Idd ya mwaka niliostaafu alimtuma binti yake aniletee macawis mpya, ile shuka ya kiunoni wanayovaa wanaume wa huku wakiwa nyumbani. Ilikuwa ya bluu yenye mistari, imekunjwa ndani ya mfuko wake wa plastiki. Nilishukuru kama inavyopasa. Kisha niliingia ndani, nikaitazama, na damu ikanipanda. Nilivyoona mimi, suruali ni ya mtu mwenye kazi, na macawis ni ya mtu aliyekaa. Wanaume wote waliokaa mbele ya vibanda vya chai kutoka asubuhi hadi adhuhuri walikuwa na macawis. Nilidhani mzee ameniambia kwa kitambaa yale ambayo mkuu aliniambia kwa saa. Nikaifungia sandukuni chini ya maandalio yangu ya masomo, na sikuitoa.

Wiki zikapita. Asubuhi moja nilitoa kiti changu nje ya mlango kama kawaida, suruali imepigwa pasi, viatu vinang'aa, gazeti la juzi mkononi. Mzee alikuwa upande wake na wenzake wawili, wazee wa rika lake, wanakunywa chai. Akanitazama juu ya ukuta, kutoka shingoni hadi miguuni, polepole. Kisha akapaza sauti, maana masikio yake nayo yamechoka.

"Mwalimu! Wewe kwa nini hufai?"

Wenzake wakacheka.

Nilisimama hata gazeti likaanguka. Sikuuliza. Mtu aliyefundisha miaka thelathini na moja kwamba usiposikia vizuri uulize, sikuuliza. "Mimi sifai?" nikasema. "Mimi?" Nikaukaribia ukuta. Nikamwambia kwamba mtu asiyeweza kutamka p hana mizani ya kunipimia. Nikamwambia kwamba ni mimi na wenzangu kutoka Kenya, kama watu wa huku wanavyouita upande wetu, tuliowatoa watoto wao machungani, la sivyo wangekuwa bado wanafuata mikia ya ngamia. Nikamwambia kwamba yeye maisha yake yote amehesabu kwato, na leo kwa sababu ana matofali mawili anajiona mtu wa kusema nani anafaa na nani hafai. Nilisema mengine ambayo sitayaandika. Maneno yale sikuyaokota siku hiyo. Nilikuwa nayo akiba miaka mingi, nikiyafunika kwa salamu.

Mzee aliweka kikombe chini, akainuka kwa mikono miwili, akaingia ndani. Wenzake waliniangalia mpaka nikaondoka mimi.

Hapo ndipo nilipoamua kuhama. Ningefanya nini tena Garissa? Nilimpata dereva wa lori linalorudi tupu kutoka kuleta mboga, tukakubaliana Jumamosi ya wiki iliyofuata. Nikampigia mke wangu simu nimwambie narudi nyumbani.

"Karibu, Mwalimu," akasema. "Siku ngapi?"

Nikamwambia si siku. Narudi kukaa. Nikasikia kuku, nikasikia mtu akimuuliza kitu naye akimjibu kwa Kikamba, haraka haraka, sauti ya mtu mwenye shughuli zake. Kisha akaniambia kwamba chumba cha mbele analala mjukuu siku hizi, lakini watapanga. Watapanga! Nyumba niliyoijenga mwenyewe, kwa barua na kwa simu, ilikuwa na ratiba yake na mimi sikuwemo. Nimekuwa mgeni wa Desemba miaka thelathini na moja, na mgeni wa Desemba huchinjiwa kuku, haulizwi mchanga umwagwe wapi. Nilikasirika naye, na nilijua sina haki, nikazidi kukasirika.

Ijumaa, siku moja kabla ya lori, mlango ulibishwa. Alikuwa binti wa mzee, bado na sare zake za hospitali chini ya jilbabu. Hakusalimu. Kwa watu wa huku, kutosalimu ni kama kutoa kisu.

"Baba hajatoka nje siku tisa," akasema. "Hata chai hataki kunywa na wenzake. Ulimwambia nini?"

"Muulize yeye alichoniambia."

"Nimemuuliza. Amesema alikuuliza kwa nini huvai."

"Alisema sifai."

"Huvai!" Aliitamka v ile kwa meno juu ya mdomo, kama nilivyomfundisha, akaishikilia mpaka ikawa mvumo. "Macawis. Alikupa Idd. Kila siku anakuona umejifunga tai kwenye joto hili kama mtu anayesubiri kesi, akakuuliza kwa nini huvai. Baba hana v. Hajawahi kuwa nayo. Wewe ungejua, Mwalimu, wewe kuliko mtu yeyote. Vaa, faa. Vaa, faa. Kidato cha pili ulinichapa kwa hiyo v mpaka nikashindwa kushika kalamu."

Nikatafuta kiti.

"Na unajua yeye anadhani nini?" akaendelea. "Masikio yake hayasikii tofauti, kwa hiyo hajui ulikasirikia nini. Anadhani kitambaa kilikuwa kibaya. Ameniuliza mara tatu kama nilichagua rangi mbaya."

Sijawahi kupigwa kofi na mwanamke, lakini nadhani huwa hivyo. Jambo moja tu nilikuwa bingwa wake katika dunia hii. Vaa na faa. Nikiwa usingizini, ukinisomea makosa mia, ningekuambia hili ni la herufi. Siku lilipokuja kwangu mwenyewe, juu ya ukuta, kutoka kwa mtu ambaye nilijua fika mdomo wake hauna v, nilisikia hufai. Nilisikia kwa sababu nilikuwa najiambia hivyo kila asubuhi mbele ya kioo, nikikaza tai. Mzee wa watu alinikuta katikati ya mazungumzo.

"Nitakuja kuomba msamaha," nikasema.

"Ulimtukana mbele ya rika lake. Hiyo haiombwi ukutani. Kuna haal." Nilijua haal ni nini: ni kikao cha kufuta aibu, mkosaji huja na zawadi yake na jamaa zake, nao humsemea. "Njoo kesho alasiri," akasema. "Na uje na watu wako."

Watu wangu. Jioni nzima nilikaa na simu. Naibu mkuu wa zamani alisema yuko safarini, na nilikuwa nimemwona adhuhuri. Mwalimu wa Jiografia alisema mambo ya mila hayawezi. Mwanafunzi wangu mmoja, sasa ana ofisi yenye kiyoyozi katika kaunti, alisema, "Mwalimu, kwa shule niite wakati wowote. Lakini hili la nyumbani kwako, mimi naingiaje?" Alikuwa na haki. Wote walikuwa na haki. Walimjua Mwalimu, na Mwalimu hakuwa na tatizo lolote. Mwenye tatizo alikuwa mtu mwingine ambaye hawakuwahi kutambulishwa kwake. Sikumpigia mke wangu. Niliogopa atakachosema, na zaidi niliogopa angekuja.

Jumamosi nikamwomba dereva asubiri hadi jioni, akaguna. Nikanunua mbuzi, na kwa kuwa sijui mbuzi nikapewa mmoja mwenye sikio lililokatika. Nilimvuta mtaa mzima na suruali yangu ya kijivu, watu wakinitazama. Baada ya sala ya alasiri nikaingia ua wa mzee.

Palikuwa na mikeka miwili, imetazamana. Mmoja ulikuwa na mzee na wenzake wawili, wale wale. Wa pili ulikuwa mtupu, mpana wa kuwatosha watu watano. Nikamfunga mbuzi kwenye mti wa mathenge, nikavua viatu, nikakaa katikati ya mkeka ule mtupu.

"Watu yako wako wabi?" akauliza mmoja wa wazee.

"Sina."

"Ndugu?"

"Wako Mwingi."

"Wewe miaka ngabi hapa?"

Nikamwambia. Akamtazama mwenzake. Hakucheka mtu, na ningependa wangecheka. Nilijiona nimekaa pale kama mzigo ambao mwenyewe hajaja kuuchukua.

Mzee akasema jambo kwa Kisomali. Wenzake wakabisha, mmoja akapandisha sauti, akapiga mkeka kwa kiganja. Mzee alishika goti lake, akainuka kwa taabu, akavuka ile nafasi ya mchanga, akaketi kando yangu. Akapanga miguu, akatazama mbele.

"Haya," akasema. "Sasa mimi mtu yako. Sema."

"Nimwambie nani?" nikauliza, maana niliyemkosea alikuwa amegusana nami bega kwa bega.

Akaonyesha kwa kidevu. Binti yake alikuwa mlangoni na birika. "Yeye. Mimi nimemalisa. Yeye ndiyo iko na hasira."

Akaja, akakaa mahali pa baba yake, birika mapajani. Wazee hawakupenda, lakini walimpisha. Nikakohoa. "Ningependa kuchukua fursa hii..."

"Hiyo ni hotuba," akasema.

Nikaanza tena. Nikamwambia kwamba niliyomwambia baba yake yalikuwa machafu, na kwamba sikuyasema kwa hasira tu, niliyaamini. Nilikula chumvi yao miaka yote hiyo nikiwadharau. Nikamwambia kuhusu "ndawa" na "mbasi", jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kisha nikasema kuhusu kidato cha pili.

"Sikumbuki siku niliyokuchapa," nikasema. "Niliwachapa wengi."

Ulikuwa ukweli, na ulikuwa mbaya zaidi ya uongo. Mzee akavuta pumzi. Binti alinitazama kwa muda mrefu, macho makavu kabisa.

Kisha akamimina chai. Aliwapa wazee wawili, akampa baba yake, akanipa mimi wa mwisho, na kikombe changu alikiweka mchangani, hakunipa mkononi.

"Baba alikusamehe kabla hujaja," akasema. "Mimi bado, jirani."

Aliinuka akaingia ndani. Nikakiokota kikombe, nikanywa, chai ilikuwa na tangawizi nyingi. Nilipomaliza nilimpigia dereva wa lori, nikamwambia siendi tena. Akaanza kunitukana, mimi na ukoo wangu, kwa sauti iliyojaza ua wote.

Mzee alikuwa bado upande wangu. Akageuza sikio lake zuri, akasikiliza kidogo, uso ukakunjamana. Akanyoosha mkono.

"Nibe simu," akasema.

Nikampa.